Mnara wa miavuli wa Coney Island na miguu ya bembea zetu

Mashine ya burudani ikitelekezwa haifi yote kwa pamoja. Turubai na mbao hutangulia, zikifuatiwa na nyaya, beringi na mota. Feleji, yaani chuma kigumu cha kujengea, hubaki imesimama peke yake. Kazi yangu ni kukagua miundo ya chuma hapa Dodoma, na mabaki ninayoyapenda kuliko yote yako mbali sana: Parachute Jump, mnara wa miavuli wa Coney Island, New York.

Ulijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1939, na mwaka 1941 ukahamishiwa ufukweni, kwenye bustani ya michezo ya Steeplechase. Asili yake ni mtambo wa kuwafunza askari kuruka kwa parachuti, uliobuniwa na James Strong, ofisa mstaafu wa jeshi la majini la Marekani. Watu wawili walikaa kwenye kiti cha turubai, wakavutwa kwa waya hadi juu, kisha mwavuli ukaachiwa. Nyaya za pembeni ziliuongoza usipeperuke, na springi zikapokea kishindo chini. Upepo ukizidi, mchezo ulisimamishwa.

Bustani ilifungwa 1964, ikabomolewa. Mnara wenye urefu wa karibu mita 80 ukabaki, na mwaka 1989 jiji likauweka rasmi katika orodha ya majengo ya kuhifadhiwa. Hata hivyo, heshima haizuii kutu. Chumvi ya bahari hushika unyevu juu ya chuma hata siku ambayo mvua hainyeshi. Ndiyo maana miaka ya 2002 na 2003 sehemu ya juu ilifunguliwa, vipande vilivyooza vikabadilishwa, mnara wote ukapakwa rangi nyekundu.

Hapa kwetu huwa naambiwa, "Fundi, Dodoma kukavu, chuma hakiozi." Kwa bomba la mguu wa bembea, sehemu iliyo hewani, ni kweli kiasi, maana mvua zikipita tu linakauka. Lakini nenda kwenye bembea ya zamani katika uwanja wowote wa shule, uache kutazama minyororo, upige magoti. Pale bomba linapoingia kwenye zege utakuta upenyo mwembamba umejaa vumbi jekundu. Vumbi hilo likilowa, hukaa na maji muda mrefu baada ya mvua kukatika. Rangi imevimba, ukiikwangua kwa bisibisi, kutu inabanduka magamba kwa magamba. Gonga kwa nyundo ukishuka taratibu: bomba lisiloliwa na kutu hulia kwa sauti kali, lililoliwa huitika kwa sauti butu.

Kupaka rangi juu ya hapo ni kumficha adui, na inaniuma kuona kunafanyika kila mara. Kata kipande kilichooza, chomelea kipya, ziba ncha za juu maji yasiingie ndani ya bomba. Zege liinuke juu ya udongo na literemke kuelekea nje. Kama hela ya kazi hiyo haijapatikana, ng'oa minyororo leo, mtoto asiwe na pa kukalia.