Kumbukumbu ya mhitimu aliyefariki: anza na tarehe, sifa zitafuata

Wasifu wa marehemu huandikwa kwa haraka. Kamati ya mazishi inakutana jioni, kijana mmoja anapewa kazi ya kuuandaa, na baada ya siku chache kijitabu cha mazishi kiko River Road, mtaa wa wachapaji jijini Nairobi, kikisubiri kuchapishwa. Katika pilkapilka hizo hakuna anayefungua sanduku kutafuta cheti. Ndiyo maana sisi tunaoandaa kumbukumbu za wahitimu hukichukua kijitabu hicho kuwa mwanzo wa kazi, si ushahidi. Kinaaminika kwa majina ya jamaa, kijiji na kanisa. Kwa masomo na ajira, kikague mstari kwa mstari. (Kwa familia za Kiislamu, ambako mazishi hufanyika upesi, mara nyingi hakuna kijitabu kabisa, hivyo kazi huanza na simu.)

Kosa linalojirudia zaidi ni jina la chuo. "Alihitimu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1965" ni jambo lisilowezekana. Chuo kilichopokea wanafunzi mwaka wa 1956 kiliitwa Chuo cha Kifalme cha Ufundi. Mwaka wa 1961 kikawa Chuo cha Kifalme cha Nairobi, kikiandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Kuanzia 1964 kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Dar es Salaam, na shahada zilitolewa kwa jina la chuo hicho cha kanda. Chuo Kikuu cha Nairobi kinachojitegemea kilianza 1970. Kwa hiyo aliyejiunga 1968 na kumaliza 1971 aliingia chuo kimoja akatoka kingine bila kuhama bweni. Andika jina la wakati ule, kisha uongeze "ambacho leo ni".

Hali ni hiyo hiyo kwingineko. Mwalimu aliyesomea Kenyatta na kuhitimu 1980 ana shahada ya Nairobi, kwa kuwa Kenyatta ilikuwa chuo kishiriki hadi 1985. Chuo cha Jomo Kenyatta cha Juja kilianza 1981, kikawa chini ya Kenyatta 1988, na kikawa chuo kikuu 1994. Familia hukasirika ukiwaambia cheti cha baba kina jina la chuo kingine, basi omba picha ya cheti chenyewe kabla ya kuanza kubishana.

Halafu hesabu miaka. Kabla ya mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo), shahada nyingi za sanaa zilichukua miaka mitatu baada ya kidato cha sita. Kundi la kwanza la 8-4-4 liliingia chuoni 1990 likasoma minne. Udaktari na uhandisi huchukua muda mrefu zaidi. Ukiona mtu alijiunga 1981 na kuhitimu 1985 kwa kozi ya miaka mitatu, usimdhanie amerudia mwaka: baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa, na tarehe za wengi zikavurugika. Tenganisha pia mwaka wa mtihani wa mwisho na mwaka wa mahafali, maana huenda visiwe mwaka mmoja.

Ajira nazo zina mitego yake. Hakuna aliyeajiriwa Kenya Airways mwaka wa 1972. Shirika hilo liliundwa 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, na kabla ya hapo mtu huyo alikuwa East African Airways. Wafanyakazi wa reli na posta walipitia mabadiliko yayo hayo. Vivyo hivyo "Telkom tangu 1985" haisimami, kwa sababu Telkom ilitokana na kugawanywa kwa Shirika la Posta na Simu mwaka wa 1999. Kampuni ya umeme ilibadili jina 1983, kutoka East African Power and Lighting hadi Kenya Power and Lighting. Watoto hutaja jina walilolizoea nyumbani, na hilo huwa la mwisho. Mimi huchora mstari wa miaka kwenye karatasi moja, upande wa kushoto mtu, upande wa kulia taasisi, na tarehe zinazogongana hujitokeza zenyewe.

Neno "wa kwanza" lipewe mashaka kuliko neno lolote lingine. Chukua Wangari Maathai, ambaye maisha yake yanajulikana kila mahali. Husemwa kwamba alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, ilhali Albert Luthuli wa Afrika Kusini aliipata ya mwaka wa 1960. Ukisema mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kupata Nobel, Nadine Gordimer alipata ya fasihi 1991. Lililo kweli ni kwamba mwaka wa 2004 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Nobel ya Amani. Ikiwa mtu maarufu hivyo hukosewa, sembuse mhandisi wa kaunti? "Wa kwanza" lazima liandamane na eneo, fani na mwaka, la sivyo lifutwe.

Maathai anatufunza pia kuhusu majina. Aliolewa akachukua jina Mathai, na baada ya talaka akaongeza herufi moja. Anayetafuta kwa tahajia moja tu hupoteza sehemu ya rekodi. Kwa kila mhitimu andika jina la ubatizo, la baba, la ndoa, na lile la utani ambalo darasa zima lilimwita, kisha tafuta kwa yote. Kukiwa na watu wawili wenye jina moja, nambari ya usajili ya chuo ndiyo inayowatofautisha. Itumie kwenye faili lako, usiichapishe.

Vyanzo vyenyewe viko karibu. Vijitabu vya mahafali huonyesha jina, shahada na mara nyingi daraja. Gazeti Rasmi la Serikali ni hazina ambayo wengi huisahau: limechapisha orodha za madaktari na wahandisi waliosajiliwa, uteuzi wa maafisa wa umma, na ilani za mirathi zinazotaja tarehe ya kifo. Tasnifu ziko kwenye maktaba za vyuo, na ukurasa wa shukrani hukupa majina ya watu wa kupigia simu. Magazeti ya zamani yasome kwenye Hifadhi ya Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, au maktaba ya McMillan. Tangazo la kifo gazetini lina ukoo mrefu na kazi kidogo, lakini yale maneno "zamani wa Wizara ya Maji" ndiyo uzi wa kuufuata.

Sasa simu. Familia peke yake haitoshi, kwa kuwa watu wengi hawajui mzazi wao alifanya nini kazini. Tafuta aliyesoma naye, aliyekuwa chini yake ofisini, na aliyechukua nafasi yake alipostaafu. Wa chini hukumbuka vizuri kuliko mkubwa. Usiulize "alikuwa mtu wa aina gani?" Utajibiwa mchapakazi, mcheshi, mcha Mungu, na hapo umebaki mikono mitupu. Uliza ni kitu gani alichokianzisha ambacho bado kinatumika, ni uamuzi gani aliupinga, na nani alimpigia simu walipokwama. Omba ruhusa kabla ya kurekodi.

Picha ndogo za pasipoti zichanganuliwe kwa skana kwa dipiai 600 (nukta 600 kwa kila inchi), na ile ya kikundi isibanduliwe kwenye albamu ikiwa gundi imeshika. Ipige kwa simu karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera. Ikitumwa kwa WhatsApp, itumwe kama faili, maana kama picha ya kawaida hupunguzwa. Majina yaandikwe toka kushoto kwenda kulia siku hiyo hiyo, kabla mzee anayewatambua hajaondoka.

Maneno 400 hadi 600 yanatosha. Sentensi ya kwanza itaje jina, kozi, mwaka, kazi kuu, na tarehe ya kifo. Robo tatu ya yanayobaki iwe kazi. Orodha ya walioachwa iwe fupi na iidhinishwe na familia. Penye nyumba mbili, subiri pande zote zikubaliane, na usiandike "mjane pekee" hata ukiambiwa. Sababu ya kifo iwekwe kwa ruhusa tu. Usiweke majina ya watoto wadogo, nambari ya kitambulisho, wala nambari ya mchango wa mazishi, ambayo huweza kubaki mtandaoni miaka mingi baada ya hesabu kufungwa.

Kabla ya kuchapisha, hakikisha kifo chenyewe kwa vyanzo viwili visivyotegemeana. Ujumbe uliosambazwa katika makundi matano ya WhatsApp bado ni chanzo kimoja. Chini kabisa weka tarehe ya sasisho la mwisho na njia ya kutuma masahihisho, kwa sababu mwanadarasa aliyeko Eldoret au Toronto atasoma baada ya mwezi na kukwambia idara uliyoitaja ilikuwa ghorofa nyingine, chini ya mkuu mwingine. Mwombe karatasi, kisha urekebishe.