Jicho likiwaka, naanza na sikio

Mgonjwa anaingia amefunika jicho kwa kiganja. Jicho jekundu, linachonyota, kope zimevimba na asubuhi ziliamka zimegandana kwa tongotongo. Anategemea nitachoma sindano hapo hapo panapouma. Mimi, tabibu wa sindano za Kichina, nashika sikio.

Nalikunja kuelekea mbele. Pale juu kabisa linapofanya ncha ndipo ilipo pointi ambayo Wachina huiita Erjian. Nalisugua mpaka lipate joto, nafuta kwa spiriti, nachoma mara moja kwa sindano fupi ya kutolea damu, kisha naminya tone baada ya tone, huku nikifuta kwa pamba. Matone machache tu yanatosha.

Kwa nini sikio? Huangdi Neijing, kitabu cha tiba chenye umri wa miaka 2,000 hivi, kinasema ini hufungukia machoni. Kwa tabibu wa Kichina, jicho lililowaka ghafla lina moto: ama upepo wenye joto umeingia kutoka nje, ama moto wa ini umepanda. Damu ya nchani huufungulia njia. Kisha naongeza Hegu, kati ya dole gumba na kidole cha shahada (kwa mjamzito siigusi), na Taichong, upande wa juu wa mguu, ili kuuvuta moto chini.

Ipo pia Jingming, kwenye kona ya ndani ya jicho. Vitabu vinaisifu sana. Lakini sindano pale hupita kando kabisa ya jicho lenyewe, husukumwa polepole bila kuzungushwa, na ikishatoka lazima pabanwe kwa pamba dakika kadhaa, la sivyo jicho huvilia damu. Kwenye jicho lililovimba, siichomi.

Sindano haiui bakteria wala virusi. Naitumia kupunguza maumivu, na macho mekundu ya virusi mara nyingi hupona yenyewe, kwa hiyo sijitwalii sifa ya kuponya. Ndiyo maana kabla ya yote nauliza, nisije nikachoma mtu anayehitaji daktari wa macho: unaona ukungu? Mwanga unakuumiza? Unavaa lenzi?

Mzee mmoja aliniambia, "Daktari, nichome tu, kichwa kinapasuka, natapika." Nikammulika tochi. Mboni ilikuwa imetanuka na haikusinyaa hata kidogo. Hiyo ni dalili ya presha ya jicho, na kila saa inayopita inaweza kula uwezo wa kuona. Sikufungua pakiti ya sindano. Nilimpandisha teksi, mwanawe pembeni, moja kwa moja hadi kwa daktari wa macho.