Je, William Carney ndiye Mmarekani Mweusi wa kwanza kupewa Nishani ya Heshima?

Utasoma hivyo mara nyingi, na si kweli. Nishani ya Heshima ndiyo tuzo kubwa kuliko zote kwa askari wa Marekani, na Sajini William Harvey Carney aliipata Mei 1900. Kufikia hapo weusi kadhaa walishakuwa nayo. Baharia Robert Blake alipewa mwaka 1864, kwa ujasiri aliouonyesha melini siku ya Krismasi ya 1863. Kinachowachanganya watu ni tarehe ya tendo lenyewe. La Carney ni la Julai 18, 1863, nalo linatangulia matendo yote ya weusi yaliyotunukiwa nishani hiyo.

Wengine husema alicheleweshwa miaka 37 kwa sababu ya rangi yake. Huenda rangi ilichangia, ila weupe wengi waliopigana vita hivyo, yaani Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani kati ya Kaskazini na Kusini, nao walipata nishani zao miaka ya 1890. Ubaguzi ulio wazi ulikuwa kwenye mshahara: mweupe dola 13 kwa mwezi, mweusi 10, tena akikatwa 3 za mavazi. Kikosi cha Carney, cha 54 cha Massachusetts, kikosi cha askari weusi wa Kaskazini, kiligoma kuupokea hadi sheria iliporekebishwa mwaka 1864.

Alizaliwa mtumwa huko Norfolk, Virginia, mwaka 1840. Na tendo lake? Aliokoa bendera.

Baruti ya zama hizo ilitoa moshi mzito. Baada ya milio michache humwoni aliye hatua kumi mbele, na amri ya ofisa inamezwa na mizinga. Askari alitafuta bendera tu. Ni kama mahujaji kule Makka wanaomfuata kiongozi wao kwa kibendera alichokiinua juu ya umati: ikisonga, unasonga, ikirudi, unarudi, ikianguka, kila mtu na lake. Adui alilijua hilo, ndiyo maana mshika bendera alilengwa kwanza.

Jioni ile ya Julai 18, kwenye ngome ya Wagner ya jeshi la Kusini, karibu na Charleston, South Carolina, mshika bendera alipopigwa, Carney aliidaka. Akapanda nayo hadi ukingo wa boma, na kikosi kiliporudishwa nyuma akarudi nayo, akitambaa kwa goti moja, mwili una majeraha kadhaa ya risasi. Inasimuliwa kwamba aliwaambia wenzake haikugusa ardhi hata mara moja.

Alipona. Kwa zaidi ya miaka 30 aligawa barua mitaani New Bedford, Massachusetts, na nishani ilimkuta angali kwenye kazi hiyo.