Uwiano wa sproketi: "kubwa" peke yake haisemi kitu

Sproketi ni vile vyuma vya meno vinavyoshika cheni ya pikipiki, kimoja mbele kwenye injini na kimoja nyuma kwenye tairi, na uwiano wake ni hesabu ya kugawanya tu. Meno ya nyuma gawanya kwa ya mbele, basi. Nyuma 42 mbele 14 unapata 3, yaani sproketi ya mbele inazunguka mara tatu ndo tairi la nyuma lizunguke mara moja. Namba ikipanda pikipiki inavuta zaidi na mbio zinapungua, ikishuka ni kinyume chake.

Sasa kinachonikera ni hii kauli ya "weka sproketi kubwa". Kubwa ya wapi? Maana mbele na nyuma zinafanya kazi kinyume kabisa. Ukiongeza meno nyuma, mfano 45 badala ya 42, uwiano unaenda 3.21, unapanda mlima na mzigo bila kuhangaika. Ukiongeza jino moja mbele, 15 kwa 42, unashuka 2.8, hapo injini inapumua kwenye barabara ndefu iliyonyooka lakini kuondoka na abiria inakuwa shughuli, utachezea klachi mpaka ichoke. Na ukibadilisha zote mbili, 15 mbele na 45 nyuma, umerudi palepale kwenye 3, umenunua vyuma viwili vikubwa na pikipiki ni ileile! Angalia pia kwamba jino moja la mbele ni karibu sawa na matatu ya nyuma, kwa hiyo mtu anayesema "nimepunguza kajino kamoja tu" mbele amefanya badiliko kubwa kuliko anavyodhani.

Halafu kuna hili la kusema sproketi inaongeza nguvu ya injini. Haiongezi hata kidogo. Injini inatoa kilekile ilichokuwa inatoa, wewe unachagua tu ukitumie kwenye kuvuta au kwenye mwendo. Kama kwenye gia ya mwisho ulikuwa unaenda 80 kwa saa injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, ukiweka 45 nyuma mwendo uleule utaupata kwenye kama 6400 hivi, kelele juu na mafuta yanaenda zaidi. Na wale wa mbio nao wasifurahi haraka, ukishusha uwiano kupita kiasi injini ndogo inashindwa kuisukuma gia ya mwisho, upepo kidogo tu wa mbele unarudi gia ya chini yake, na spidi ya juu uliyoitafuta inakuwa chini kuliko ya mwanzo.

Kupunguza mbele ni rahisi, kweli, lakini sproketi ndogo sana inakunja cheni kwa ukali na cheni inalika mapema. Kuongeza nyuma nako huenda cheni ikawa fupi, pima kwanza. Na kama spidomita yako inasoma kutoka kwenye giaboksi badala ya tairi la mbele, jua itaanza kudanganya.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi usimwambie kubwa wala ndogo. Futa grisi, mara nyingi idadi ya meno imegongwa pembeni ya sproketi yenyewe, kama imefutika hesabu kwa kidole, halafu mwambie "ninayo 14 kwa 42, nabeba mzigo milimani, nataka 14 kwa 45." Hapo mtaelewana.