Je, wajua kwa nini Wamisri wa kale walimpa mbweha ulinzi wa makaburi?

Ukimkabidhi fisi bucha, usishangae asubuhi ukikuta mifupa. Hilo halihitaji shule. Lakini Wamisri wa kale, watu waliojua hesabu za kusimamisha piramidi, walimkabidhi mbweha makaburi ya wazazi wao, wakamwita Anubis na kumwomba kwa miaka isiyopungua elfu mbili na mia tano. Na walikuwa na akili zao timamu.

Wengi wetu tuliisikia Misri kwanza madrasa au shule ya Jumapili, na huko habari ni ya Firauni na Musa. Miungu yao tulikuja kuiona baadaye kwenye picha, mwili wa mtu na kichwa cha mnyama, tukacheka tukapita. Hata Warumi walikuwa wakiwacheka Wamisri kwa kusujudia mamba na paka. Ukitaka kuelewa, anzia makaburini.

Misri ni mto na mchanga. Ardhi nyeusi ya kulimika ni ukanda mwembamba kando ya Nile, na hakuna mkulima aliyekuwa tayari kuipoteza kwa kuzikia. Maiti ilipelekwa pembezoni, pale shamba linapokoma na jangwa linapoanza. Kabla ya enzi ya piramidi, mtu wa kawaida alichimbiwa shimo la kina kifupi, akalazwa ubavu, magoti yamekunjwa, akafukiwa. Mchanga ule wa moto ulinyonya maji yote mwilini, hata ngozi na nywele zikadumu. Ila kabla mwili haujakauka, harufu hutoka. Usiku mbweha wanashuka kutoka miambani, wananusa, wanafukua.

Kwa Wamisri huo haukuwa msiba wa aibu tu. Waliamini kwamba marehemu anaendelea kuishi madhali mwili wake upo, roho ina mahali pa kurudi. Mwili ukitawanywa, basi mtu amekufa mara ya pili, na hiyo ya pili haina dawa. Ungefanyaje? Kuwamaliza mbweha wote wa jangwani haiwezekani. Wakafanya kile ambacho kijiji chenye hekima hukifanya na mwizi wake sugu: wakamwingiza kwenye sungusungu. Anayejua njia zote za kuingilia kaburini ndiye anayefaa kuzilinda, ilimradi apewe cheo, heshima na chakula chake.

Na vyeo alipewa. Aliitwa Aliye Juu ya Mlima Wake, yaani yule anayechungulia makaburi kutoka jabalini, na Bwana wa Nchi Takatifu, yaani ile ile ardhi ya makaburi. Kisha akapandishwa kazi akawa bingwa wa kutengeneza maiti isioze. Katika jumba la makumbusho la Hildesheim, Ujerumani, kuna kinyago cha udongo cha kichwa cha Anubis, na chini ya pua ndefu ya mnyama kuna matundu mawili ya kuonea. Inaaminika kilivaliwa na kuhani wakati wa ibada za maiti. Mtu aliyekivaa hakuweza kuona pembeni. Bila shaka kuna mwenzake aliyemshika mkono.

Angalia pia rangi. Mbweha wa Misri ana rangi ya vumbi, lakini Anubis ni mweusi tii. Weusi ule ni wa mwili uliopakwa utomvu na lami, na pia ni wa tope lililoachwa na mafuriko ya Nile kila mwaka, tope lenye kuotesha. Wamisri wenyewe waliita nchi yao Kemet, nchi nyeusi. Kwao hiyo ilikuwa rangi ya kuota upya. (Tukiwa bado kwenye lami: neno mumia, yaani maiti iliyokaushwa isioze, na lile neno letu la pwani, mumiani, lililokuwa likitumiwa kuwatisha watoto wasitembee usiku, yana asili moja. Ni neno la Kiajemi lililopitia Uarabuni, la dutu nyeusi iliyouzwa kama dawa.)

Ukishaona mantiki hii kwa mbweha, utaiona kila mahali. Mchukue kiboko. Msomaji wa Mwanza au Jinja hahitaji kuelezwa kiboko jike mwenye ndama anavyoweza kuukata mtumbwi vipande viwili. Wamisri nao walikuwa na viboko katika Nile yao, na kutokana na jike huyo wakapata Taweret, mlinzi wa wajawazito: tumbo kubwa, maziwa yaliyolala, miguu ya simba, mgongo wa mamba. Jina lake maana yake ni Mkuu. Hakuwa na mahekalu makubwa ya kujivunia. Kazi yake ilikuwa ndani ya nyumba, kwenye hirizi za shingoni na mbao za vitanda. Takriban mwaka 1800 KK watu walikuwa wakichonga fimbo bapa zilizopinda kwa jino la kiboko mwenyewe, zimejaa picha zake na za wanyama wengine wenye visu mkononi. Baadhi ya fimbo hizo zimesagika ncha, na wataalamu wanaona kwamba zilitumika kuchora duara kumzunguka mama na mtoto. Kiboko anamlinda mtoto, na silaha ni jino lake.

Sekhmet, mwenye kichwa cha simba jike, ndiye aliyeleta tauni. Kwa hiyo makuhani wake ndio waliokuwa matabibu. Hadithi yake inasema mungu jua Ra alichoshwa na binadamu wenye njama, akamtuma Sekhmet, bintiye, awaadhibu. Binti akaionja damu, akanogewa, akakataa kuacha. Ra mwenyewe akaogopa. Usiku ule wakapika mitungi 7,000 ya pombe, wakaitia rangi nyekundu, wakaimwaga mashambani. Alfajiri mwenye hasira akafika, akadhani ni damu, akanywa akalewa, akasahau alichotumwa. Ndivyo tulivyosalia, kwa mujibu wao.

Sasa, je, waliamini kweli kuna jamaa anatembea na kichwa cha mbweha? Haielekei. Mungu wa kike Hathor angechorwa leo ng'ombe mzima, kesho mwanamke mwenye masikio ya ng'ombe, na keshokutwa mwanamke mwenye pembe tu kichwani. Thoth, mungu wa maandishi, alikuwa ndege kwarara na pia nyani. Kichwa kilikuwa kama neno la kusomwa, likikuambia uko mbele ya nani na ana tabia gani, na mwili wa kibinadamu ulimwezesha kukaa kitini na kushika fimbo. Wachoraji walijua kuficha kiungo: tazama vizuri, karibu kila mara kuna nywele bandia ndefu zinazoshuka mabegani pale shingo ya mnyama inapokutana na kifua cha mtu. Anayevunja utaratibu ni Khepri, jua la asubuhi. Katika kaburi la malkia Nefertari, lililogunduliwa mwaka 1904, amekaa kwa adabu zote, na mahali pa uso kuna mdudu mzima, yule anayeviringisha mavi, miguu yake imetandazwa.

Kuhusu mbweha wetu, kaburi la Firauni Tutankhamun ndilo linaloonyesha kazi yake vizuri zaidi. Mwingereza Howard Carter, mchimbuaji wa mambo ya kale, alipolifikia Novemba 1922, ndani alimkuta Anubis wa mbao nyeusi amelala juu ya sanduku lenye miti ya kubebea, masikio ya dhahabu, kucha za fedha, amefunikwa kitambaa cha kitani, macho yanaelekea mlangoni. Wezi walikuwa wamekwisha kumpita. Kaburi lilivunjwa mara mbili, muda si mrefu baada ya maziko. Na baada ya wezi, maofisa wa makaburi walijaza kifusi njiani, wakasiliba mlango upya, na plasta ikiwa bado mbichi wakagonga muhuri wao: mbweha amelala, chini yake mateka 9 wamefungwa mikono.