Je, wajua kwa nini Kilkenny, kaunti ndogo ya Ayalandi, ndo wababe wa muda wote wa halingi?

Ukianza tu kufuatilia halingi, ule mchezo wa Waairishi wa fimbo na mpira, swali la kwanza utakalojiuliza ni hili: hivi hawa Kilkenny wanakula nini? Maana kaunti nzima ina watu laki 1 na ushee tu, mji wake mkuu unauzunguka kwa miguu na kurudi kabla ya chakula cha mchana, lakini kwenye ubingwa wa Ayalandi yote wana makombe 36. Cork wenye watu karibu laki 6 wana 30. Dublin, jiji lenyewe, watu zaidi ya milioni 1, wana 6 na la mwisho walilibeba mwaka 1938.

Kwa ambao hawajawahi kuuona huu mchezo, timu ni watu 15 kwa 15, dakika 70, kila mchezaji ana fimbo bapa kwa chini iliyochongwa kwa mti unaoitwa ash, na mpira ni mdogo wa ngozi unaoenea kwenye kiganja. Ukipiga ukaingia wavuni chini ya mtambaapanya ni goli, pointi 3, ukipita juu ya mtambaapanya katikati ya zile nguzo ndefu ni pointi 1. Mpira unapigwa hewani, unapigwa chini, unadakwa kwa mkono mtupu katikati ya fimbo za watu wanne wanaorusha kwa nguvu zote, mchezaji anakimbia nao akiubalansi kwenye ncha ya fimbo huku anakabwa, na hapo kofia ngumu imekuwa lazima kwa wote kuanzia 2010 tu, kabla ya hapo wengi walikuwa wanaingia vichwa wazi.

Na jambo moja ulishike vizuri kwa sababu ndo linafanya hili swali liwe zito: hawa watu hawalipwi mshahara. Ni ridhaa. Jumapili mtu anacheza mbele ya mashabiki 82,000 pale uwanja wa Croke Park, Dublin, Jumatatu anarudi kufundisha darasani, au benki, au shambani kukamua ng'ombe. Unachezea klabu ya parokia uliyokulia na kaunti ya klabu yako, basi, hamna soko la usajili, hamna tajiri anayekuja kununua straika kutoka kaunti jirani. Kwa hiyo Kilkenny hawawezi kununua ubingwa hata wakitaka, kila mchezaji lazima wamzalishe wao wenyewe kutoka kwa hao watu laki 1.

Sasa wanawezaje? Jibu la kwanza ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: wameamua kucheza mchezo mmoja. Kaunti nyingi za Ayalandi zinagawana vijana kati ya halingi na soka la Kigaeli, ambalo kwa nchi nzima ndo lina watu wengi zaidi, lakini Kilkenny soka hilo wameliweka pembeni kabisa, ubingwa wao wa mwisho wa soka wa jimbo la Leinster ulikuwa 1911, na leo timu yao ya wakubwa haimo hata kwenye ligi ya taifa ya mchezo huo. Mtoto wa Kilkenny mwenye kipaji haulizwi anataka kucheza nini, fimbo inamkuta kitandani.

Historia nayo inachekesha kidogo hapa. Mwaka 1366 bunge la watawala wa Kiingereza lilikaa Kilkenny hapo hapo likatunga sheria za kuwazuia walowezi wao wasiige mila za Waairishi, na mojawapo ilikuwa marufuku ya kucheza huu mchezo wa fimbo kubwa na mpira chini, walitaka watu wajifunze kurusha mishale. Imepita miaka zaidi ya 650 na mji huo huo ndo makao ya mchezo wenyewe. Karne ya 18 mambo yaligeuka, wenye mashamba makubwa wa kusini mashariki wakawa ndo wanaziandaa timu za wapangaji wao na kuwekeana dau, na maeneo yale yana malisho makavu na tambarare ambayo mpira unakimbia vizuri. Kwa hiyo Chama cha Michezo ya Kigaeli, GAA, kilipoanzishwa mji wa Thurles mwaka 1884, hii sehemu haikuwa inaanza sifuri. Kilkenny wakabeba ubingwa wa kwanza wa 1904, na mpaka wanafunga 1913 walishafikisha 7, ndani ya miaka 10!

Ila ukiniuliza mimi, ardhi na historia havitoshi, maana kaunti za Tipperary na Cork nazo zinavyo. Siri ya Kilkenny ni parokia na walimu, na hapa ndo napenda kukaa.

Chukua Tullaroan. Ni kijiji tu, upande wa magharibi wa kaunti. Hapo ndo alipotoka Lory Meagher, kiungo wa miaka ya 1920 na 30 ambaye mpaka leo mojawapo ya makombe ya ngazi za chini ya halingi linaitwa kwa jina lake. Fainali ya 1931 dhidi ya Cork ilibidi ichezwe mara 3 maana mbili za kwanza ziliisha sare, mechi ya pili Meagher akavunjika mbavu, ya tatu hakuweza kucheza na Kilkenny wakafungwa. Mwaka uliofuata wakachukua, 1933 wakachukua tena, na 1935 akanyanyua kombe yeye kama nahodha. Miaka 70 baadaye kijiji kile kile kikamtoa Tommy Walsh, beki mfupi asiyeogopa kitu, akaingia kwenye kikosi bora cha mwaka miaka 9 mfululizo, 2003 mpaka 2011.

Halafu nenda kusini uone Ballyhale. Klabu yao, Ballyhale Shamrocks, imebeba ubingwa wa klabu wa Ayalandi yote mara 9 na hakuna klabu nyingine iliyofika hapo. Mwaka 1981 walipochukua mara ya kwanza walikuwa na ndugu 7 wa tumbo moja, akina Fennelly, kwenye timu. Saba! Na baadaye kijiji hicho hicho kikawatoa Henry Shefflin na TJ Reid, ambao wote wawili ukitaja wachezaji 5 bora wa muda wote lazima majina yao yabishaniwe. Inatokeaje? Inatokea kwa sababu mtoto wa pale anaokota mipira nyuma ya goli wakati Shefflin anafanya mazoezi, anamwona dukani, anasoma na mpwa wake, kwa hiyo ubingwa kwake ni kitu ambacho jirani amekifanya na yeye anaweza kukifanya.

Sasa walimu. Pale mjini kuna shule ya wavulana ya St Kieran's, ya tangu 1782, na kwenye ubingwa wa shule za sekondari wa Ayalandi hakuna shule iliyochukua mara nyingi kama wao, zaidi ya mara 20. Hapo alikuwepo padri mmoja mwalimu, Tommy Maher. Mwaka 1957 akapewa timu ya kaunti ambayo ilikuwa haijaonja ubingwa tangu 1947, na mwaka huo huo akachukua, na mpaka anaondoka 1975 alikuwa amebeba 7. Alichofanya Maher leo kinaonekana cha kawaida lakini wakati ule watu waliamini halingi ni moyo na mbavu tu, yeye akaja na akili ya darasani, akauvunja mchezo vipande vipande: namna ya kushika fimbo, namna ya kuinua mpira kwa haraka, namna ya kumnasa mpinzani fimbo yake kwa nyuma kabla hajapiga, kila kitu kinarudiwa mpaka mkono unafanya wenyewe. Kisha yeye na wenzake wakaanza kufundisha kozi za makocha wa nchi nzima, yaani aliwapa hata wapinzani wake elimu hiyo, na hilo mimi namheshimu sana.

Mwanafunzi wa St Kieran's wa enzi hizo ni Eddie Keher. Kama hujawahi kusikia hilo jina, sikia hii: fainali ya 1971 alifunga magoli 2 na pointi 11 peke yake, jumla pointi 17, na Kilkenny BADO wakafungwa na Tipperary. Alimaliza na medali 6 za ubingwa, na jumla yake ya magoli 35 na pointi 336 kwenye ubingwa ilikaa kileleni miaka mingi mno mpaka alipokuja kijana mwingine wa Kilkenny kuipita.

Kijana huyo ni Shefflin, na kocha wake ni mwalimu tena, Brian Cody, mwalimu wa shule ya msingi, naye alisoma St Kieran's. Cody alianza na timu msimu wa 1999 akaondoka 2022, misimu 24, ubingwa 11, wa 2006 mpaka 2009 ukiwa mfululizo. Watu waliohudhuria mazoezi yake Nowlan Park, uwanja wa nyumbani wa Kilkenny, wanasema mechi za wenyewe kwa wenyewe zilikuwa ngumu kuliko za ubingwa, filimbi ilikuwa inasikika kwa nadra, na hakuna aliyekuwa na namba ya kudumu hata awe nani, ukilegea wiki hii yupo kijana wa parokia nyingine anakusubiri. Matunda yake yakaonekana kwenye fainali ya 2008 dhidi ya Waterford, magoli 3 na pointi 30 kwa goli 1 na pointi 13, tofauti ya pointi 23 kwenye FAINALI, na wengi wanaiita mechi iliyokaribia ukamilifu kuliko zote.

Shefflin mwenyewe ana medali 10 za ubingwa alizozipata uwanjani, hakuna aliyekuwa amefika hapo kabla yake, Christy Ring wa Cork na John Doyle wa Tipperary waliishia 8. Mchezaji bora wa mwaka mara 3. Lakini kinachonigusa mimi ni 2010, walikuwa wanatafuta ubingwa wa 5 mfululizo, goti lake lilikuwa limechanika kwenye nusu fainali, akalazimisha kuanza fainali, dakika chache tu likagoma akatoka, Lar Corbett wa Tipperary akapiga magoli 3 na ndoto ikaishia pale. Mtu wa umri wa miaka 31 na goti lile angeweza kusema inatosha. 2012 akachukua ubingwa na tuzo ya mchezaji bora.

Na wanawake wasisahaulike, maana mchezo wao, kamogi, Kilkenny wana hadithi nzito vile vile. Mapacha Angela na Ann Downey wa Ballyragget, baba yao Shem alikuwa bingwa wa 1947, kila mmoja ana medali 12 za ubingwa, na kuanzia 1985 mpaka 1991 timu yao haikuliachia kombe kabisa, miaka 7 mfululizo. Wapo wanaosema Angela ndo mchezaji bora aliyewahi kushika fimbo Kilkenny, mwanaume au mwanamke, na mimi siwapingi.

Sasa hivi hali ni ngumu kidogo. Ubingwa wa mwisho wa wanaume ulikuwa 2015. Tangu hapo wamefika fainali 4 wakapoteza zote, 2016 na 2019 kwa Tipperary, 2022 na 2023 kwa Limerick, ingawa Leinster wameibeba kila mwaka kuanzia 2020 mpaka 2025. Limerick ndo waliobadilisha mambo, walijenga akademi za vijana kwa mpangilio wakazalisha kizazi cha majitu yenye ufundi, wakachukua 4 mfululizo, na ukiangalia vizuri utaona wamefanya kile kile Kilkenny walichokuwa wanafanya kwa miaka mingi kupitia shule na parokia, ila wao wakakifanya kwa makusudi na kwa kaunti yenye watu mara mbili. Mwaka 2025 Tipperary wakachukua la 29. Kwa hiyo Kilkenny bado wapo juu kwa makombe 6 mbele ya Cork, na muongo huu wa kutochukua, kwa watu waliozoea kuchukua 7 ndani ya miaka 10, umekuwa mrefu kweli kweli, nao wanaulizana kila msimu kama kijana anayefuata baada ya TJ Reid tayari yupo darasani St Kieran's au bado anaokota mipira Ballyhale.