Kupalia na kupalilia

Magazeti yetu hayachoki kuandika "kupalilia chuki" na "kupalilia rushwa". Mimi ni mtu wa kamusi, na swali ninaloulizwa sana ni hili: kupalilia si kuondoa magugu? Mbona basi anayepalilia rushwa analaumiwa?

Jibu limo katika silabi moja. Mzizi wa neno ni kupalia, yaani kukwatua ardhi kwa jembe ili magugu yatoke. Ukikinyambua kitenzi hicho katika kauli ya kutendea, unapata kupalilia: kupalia kwa faida ya kitu. Magugu hupaliwa, muhogo hupaliliwa. Udongo uliolegezwa unarudishwa shinani, mmea unashika. Ndiyo maana mpalilia chuki anaonekana kama mkulima mwenye bidii. Wengi siku hizi wanasema "kupalilia magugu", nami nimeshakubali kushindwa, ingawa huwa najikuta nikikunja uso. (Jikoni kuna kupalia kwingine: kuweka makaa juu ya kifuniko cha chungu ili wali uive juu na chini.)

Kinachoniuma zaidi ni kuvuna. Si neno baya, ila miongozo ya kilimo imelifanya limeze wenzake wote. Karafuu huchumwa, kisha huchambuliwa zitengane na makonyo, yaani vijiti vyake. Nazi huanguliwa. Mtama huchengwa, mahindi huvunjwa, muhogo hung'olewa. Kila kitenzi kinakuonyesha mkono unavyokwenda: kuchuma ni kazi ya vidole, kuangua ni kushusha kitu kilicho juu, kung'oa ni kutoa kitu pamoja na mzizi wake. Anayesema "kuchuma nazi" huenda hajawahi kusimama chini ya mnazi! Kipo pia kutunda, kuchuma matunda au maua, kitenzi ambacho ni nadra kukisikia leo ingawa jina tunda liko midomoni mwetu kila siku.

Kiunguja kilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lakini usanifishaji hauwezi kubeba lawama zote. Maneno mengine yamesukumwa tu na yale yenye kazi nyingi. Tazama kuatika, kuhamisha mche kutoka kitaluni. Kupandikiza kumechukua nafasi yake, na hakujatosheka na shamba: madaktari wanapandikiza figo, vyama vya siasa vinashukiana kwa mapandikizi. Kuatika kumebaki na mche wake tu, uliotolewa kitaluni na udongo ukiwa bado umeshikana na mizizi.